Waliochagua Nyika: Balambala, Kora na Kingo Mbili za Mto Tana

Mto Tana, mrefu kuliko mito yote ya Kenya, huteremka kutoka milima ya kati, ukapita mabwawa ya umeme ya Masinga na Kiambere, kisha ukaingia katika nchi kavu ya mashariki. Kabla haujafika Garissa hupita Balambala, mji mdogo wa ukingo wa kaskazini ambao nyaraka za wakoloni ziliuandika Mbalambala. Nyuma ya mji vichaka vya miiba huenea kuelekea Wajir. Kwenye ukingo uo huo imo Hifadhi ya Rahole, na ng'ambo, katika Kaunti ya Tana River, yanainuka majabali ya Kora. Huko Kora, mwaka 1970, alipiga kambi mmoja wa watu waliojulikana zaidi duniani kwa kuacha kazi ya mshahara ili kuishi porini. Habari zake zimesimuliwa mara nyingi kama hadithi ya mzee na simba wake. Makala haya yanazisimulia kama sura moja ya jambo la kale zaidi: katika kila zama, nani aliachiwa achague maisha ya nyika, na nani alilazimishwa kuyashika au kuyatupa.

Katika zama za mwanzo tunazoweza kuzifuatilia, swali hilo halikuwapo. Waata waliwinda na kurina asali. Wakorokoro, ambao hujiita Munyoyaya, walilima mahindi na mtama kwenye udongo ulioachwa na mafuriko, wakavua samaki na kuwavusha watu kwa mitumbwi. Waorma, tawi la Waoromo, walichunga ng'ombe pande zote mbili za mto, wakiteremsha mifugo kunywa maji kupitia njia maalumu zinazoitwa malka. Nyumba ilikuwa ya fito na mikeka, ikafungwa na kuhamishwa mvua ilipohama. Mtazamaji wa leo angeyaita maisha mepesi, kwa kuwa vitu vilikuwa vichache. Lakini yalikuwa kazi, tena kazi yenye sheria nzito: nani achimbe kisima, nani anyweshe kwanza, mgeni akaribishwe siku ngapi, damu ilipwe vipi. Aliyekaa nje ya sheria hizo alikuwa mtu aliyefukuzwa au aliyepotea, na nyika humwua mtu wa peke yake upesi.

Hata hivyo, wazo la kuacha cheo na mali kwa hiari liliifikia nchi hii mapema kuliko wengi wanavyodhani, na njia yake ilikuwa Uislamu wa Kisufi. Mwaka 1095 Abu Hamid al-Ghazali, mwalimu mkuu wa madrasa ya Nidhamiyya mjini Baghdad, aliiacha kazi iliyokuwa na heshima kuu katika ulimwengu wa elimu wa wakati wake. Akagawa mali yake, akaenda Sham kuishi kama fukara. Vitabu vyake vimesomwa katika darsa za pwani yetu kwa vizazi vingi, na maisha yake yamebaki kielelezo kwa mashekhe wa Barawa, Lamu na Zanzibar. Katika bara la Wasomali kielelezo hicho kilizaa jamaa, yaani vijiji vya watu wa tarika waliotoka katika koo na biashara zao wakalima pamoja na kusali pamoja kandokando ya mito. Mwaka 1819 Sheikh Ibrahim Hassan Yabarow aliianzisha jamaa ya Bardera kwenye Mto Juba, katika nchi ambayo baadaye baadhi ya koo za Garissa zingeivuka zikielekea Tana.

Jamaa ya Bardera haikubaki mahali pa utulivu. Ilipiga marufuku tumbaku na ngoma, ikakemea biashara ya pembe za ndovu, na mwaka 1840 majeshi yake yakaitiisha Barawa yenyewe. Mwaka 1843 Sultani Yusuf Muhammad wa Geledi aliiteketeza. Nusu karne baadaye Sheikh Uways bin Muhammad al-Barawi, aliyezaliwa Barawa mwaka 1847 na ambaye wafuasi wake walijaa hadi Zanzibar na bara la Tanganyika, alikuwa na kijiji chake cha tarika ya Kadiriyya bara, Biyoley. Huko ndiko alikouawa mwaka 1909 na wafuasi wa Sayyid Muhammad Abdille Hassan. Kwa maoni yangu visa hivi viwili vinapaswa kuwekwa mwanzoni mwa kila simulizi ya kwenda nyikani katika kona hii ya Afrika. Aliyetoka mjini kutafuta amani ya roho aliikuta nyika ina wenyewe, ina njia za misafara na ina vita, naye akaingia humo akiwa mshiriki, apende asipende.

Nusu ya pili ya karne ya 19 iliigeuza nchi ya Tana. Vita na ndui viliwavunja Waorma. Wasomali wa ukoo mkuu wa Ogaden, Aulihan na Abdwak miongoni mwao, walivuka Juba na kusogea kusini-magharibi, na kufikia takriban mwaka 1909 walikuwa wameufikia Mto Tana. Nyuma yao ikaja dola ya Waingereza. Sheria ya Wilaya za Mbali ya 1902 ilikuwa imekwisha kuipa serikali uwezo wa kuifunga wilaya na kudai kibali kwa kila aingiaye. Februari 1916 Abdurrahman Mursaal na Aulihan wake waliishambulia ngome ya Serenli kwenye Juba na kumwua ofisa Mwingereza aliyeisimamia. Mwaka 1925 Jubaland ilikabidhiwa Italia. Mwaka uliofuata Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, maarufu kwa herufi NFD, ilitangazwa kuwa eneo lililofungwa, na Sheria ya Wilaya Maalumu ya 1934 ikaongeza adhabu za pamoja kwa ukoo mzima na mamlaka ya kupanga kila kabila lichunge wapi. Ng'ombe wa kaskazini walizuiwa kwa karantini wasishindane na wa walowezi katika soko la nyanda za juu.

Hapo ndipo ilipozaliwa hali iliyotawala karne iliyofuata. Serikali iliamua kwamba mfugaji abaki nyikani, na kutoka kwake kukawa kosa. Shule na barabara zilikuwa chache mno. Mlango wa ajira uliokuwa wazi kidogo ulikuwa ule wa bunduki na kilemba: askari wa King's African Rifles, au dubas, polisi wa kikabila wa mpakani waliojulikana kwa vilemba vyao vyekundu. Mshahara ulipopatikana uligeuzwa mifugo. Huu ndio mwanzo wa desturi ambayo bado i hai Garissa: kazi ya serikali ni njia ya kujenga zizi, na zizi ndilo makao.

Kwa Mzungu mwenye kibali, nchi ileile iliyokuwa kizuizi kwa mwenyeji ikawa uhuru. George Adamson alizaliwa Etawah, India, mwaka 1906, akaja Kenya 1924 kwenye shamba la kahawa la baba yake. Shamba halikumfaa. Alijaribu kutafuta dhahabu Kakamega, akafanya biashara ya mbuzi, akaongoza wawindaji, akapita kazi nyingi ambazo mzazi yeyote angezitaja kama ushahidi wa kijana asiyetulia. Mwaka 1938 alijiunga na Idara ya Wanyama, akapewa kaskazini yote akiwa na makao yake Isiolo. Kwa robo karne karibu alizunguka NFD kwa ngamia na lori akiwasaka majangili na kuwaua simba waliokula mifugo au watu. Mwaka 1944 alimwoa Joy, mchoraji mzaliwa wa Troppau katika milki ya Austria. Mwaka 1956 alimpiga risasi simba jike aliyemrukia, na mmoja wa watoto watatu walioachwa, Elsa, akalelewa nyumbani kwao na baadaye kurudishwa porini Meru. Kitabu cha Joy, Born Free, kilitoka 1960. Elsa alikufa Januari 1961, na mwaka huohuo George akaacha kazi.

Sababu za uamuzi wake zinahitaji kupimwa kwa utulivu. Alikuwa na miaka 55, na kwa mtumishi wa kikoloni umri huo ulikuwa wa kustaafu. Kenya ilikuwa ikielekea uhuru, na nafasi za maofisa Wazungu zilikuwa zikifika mwisho. Lakini wengi wa rika lake walikwenda Uingereza au Afrika Kusini, wakanunua nyumba ndogo na bustani. Yeye alikwenda kinyume nao. Filamu ya kitabu kile ilipotengenezwa katikati ya miaka ya 1960 alisimamia simba waliocheza, kisha akaomba apewe baadhi yao awafundishe kuwinda. Aliwapeleka Meru. Mwaka 1969 mmoja wao, Boy, alimjeruhi mtoto wa mlinzi mkuu wa hifadhi, na mzee akatakiwa aondoke. Alitafuta mahali ambapo hakuna mkulima, mtalii wala ofisa aliyepataka. Akaonyeshwa Kora.

Alifika 1970 pamoja na ndugu yake Terence, ambaye alikata barabara na kujenga kambi ya vibanda ndani ya uzio wa waya chini ya jabali. Wakaiita Kampi ya Simba. Ardhi ilikuwa chini ya Halmashauri ya Kaunti ya Tana River, na George alilipa kodi kwa mwaka. Simba wake wa kwanza walikuwa Boy na Christian, wa pili akiwa amezaliwa Uingereza, akanunuliwa katika duka la Harrods na vijana wawili Waaustralia, Anthony Bourke na John Rendall, na kulelewa katika duka la samani mtaa wa Chelsea. Picha za Christian akiwakumbatia vijana hao walipomtembelea Kora mwaka 1971 zingewaliza mamilioni ya watu kwenye intaneti zaidi ya miaka thelathini baadaye. Mwaka huohuo wa 1971 Boy alimwua mfanyakazi mmoja wa kambi, Stanley, na George akampiga Boy risasi. Simulizi za Ulaya zimekumbuka kukumbatiana kuliko kifo hicho. Mimi nadhani vyote viwili vinastahili ukurasa uleule, kwa sababu vinaonyesha nani alibeba hatari ya maisha yale.

Maana kambi ya Kora haikuwahi kuwa ya mtu mmoja. Wapishi, madereva na wafuata nyayo walitoka vijiji vya mto na miji ya kaskazini. Asako, kijiji cha Wakorokoro kilicho jirani, kilitoa vibarua. Nyama ya kuwalisha simba ilinunuliwa kwa wafugaji. Fedha zilitoka kwenye pensheni, kwenye misaada ya marafiki wa Ulaya na Marekani, na kwenye kalamu. Mnamo 1971 alijiunga naye Tony Fitzjohn, kijana Mwingereza ambaye hakuwa na kazi ya kudumu, akadumu hapo kama msaidizi kwa miaka mingi. Mzee alikula chakula cha kawaida, akavaa kaptula na ndala, akazungumza na dunia kwa redio. Kwa kipimo cha London alikuwa ameacha kila kitu. Kwa kipimo cha Balambala alikuwa mtu mwenye gari, mshahara wa uzeeni na askari wa kumlinda. Sisemi hivyo kumpunguzia heshima. Ni kwamba wale waliomzunguka walijua gharama ya urahisi huo hadi senti ya mwisho.

Na wakati kambi ile ikipata jina, ukingo wa pili ulikuwa umetoka kuungua. Wasomali wa NFD walitaka kuungana na Somalia, na tume ya 1962 ilikuta hivyo ndivyo walivyopenda wengi wao. Desemba 1963 serikali mpya ya Kenya ilitangaza hali ya hatari kaskazini-mashariki. Vita vilivyoitwa vya Shifta viliendelea hadi makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967. Tangu 1966 familia zilikusanywa kwa nguvu katika vijiji vya ulinzi, na mifugo iliyokutwa nje ikapigwa risasi au kutaifishwa. Watu ambao kwa miaka arobaini walikuwa wamezuiwa kutoka nyikani sasa walizuiwa kuingia. Nyumba zilizozoea kuhama zilipigiliwa mahali pamoja. Aliyepoteza ng'ombe wote alihitaji kitu ambacho baba yake hakukihitaji: kibarua. Mabanda ya pembezoni mwa Garissa yaliyojaa watu katika miaka ya 1970, hasa baada ya ukame uliofuata, yaliota juu ya msiba huo. Sheria ya hali ya hatari haikuondolewa hadi 1991, na chini yake yakatokea mauaji ya Bulla Karatasi mjini Garissa Novemba 1980, na ya uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, Februari 1984.

Ndani ya miaka hiyohiyo aliishi Wajir mgeni mwingine aliyeacha kazi, naye jina lake halijapata filamu ya Hollywood. Annalena Tonelli, mzaliwa wa Forlì, Italia, mwaka 1943, alisomea sheria, kisha akaja Kenya 1969 kama mwalimu. Hakuwa mtawa wala mtumishi wa shirika. Alikwenda Wajir kuishi na wagonjwa wa kifua kikuu waliofichwa na jamaa zao kwa aibu, akilala chini na kumiliki nguo zake tu. Mfugaji aliyetakiwa kulazwa hospitalini mwaka au zaidi alitoroka kwa sababu mifugo haisubiri. Tangu 1976, katika mradi wa Shirika la Afya Duniani, Tonelli alimwachia mgonjwa ajenge kibanda chake cha kuhama karibu na kituo, ameze dawa mbele ya mhudumu, na kumaliza kwa miezi sita. Utaratibu wa kumeza dawa mbele ya shahidi baadaye ulienea nchi nyingi. Alipokusanya maiti na majeruhi wa Wagalla na kuzipeleka habari nje, maisha yake Kenya yaliisha. Aliondolewa nchini 1985. Serikali ilikiri vifo 57, manusura wakahesabu mamia na hata maelfu, na mambo hayo yakaingia katika ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya 2013. Tonelli aliendelea na kazi Somalia, akapewa Tuzo ya Nansen 2003, na mwaka huohuo, tarehe 5 Oktoba, akauawa kwa risasi Borama.

Ninamweka Tonelli kando ya Adamson kwa makusudi. Wote wawili waliikimbia njia iliyotandikwa, na wote wawili waliuawa. Adamson aliitaka nyika isiyo na watu na kila mwaka aligombana na watu waliomo. Tonelli alikwenda kwa watu wenyewe, akaipokea nyika kwa kuwa wao waliishi humo.

Kora ilitangazwa hifadhi mwaka 1973 na Rahole mwaka 1976, mistari miwili ya ramani ikitazamana juu ya maji. Lakini ukame wa 1974 na wa 1984 haukusoma ramani. Wafugaji wa upande wa Garissa walivusha ng'ombe na ngamia kufuata majani ya Kora, maadam mababu zao walifanya hivyo katika miaka ya shida. Simba walikula mifugo, wenye mifugo wakawatilia simba sumu. Sambamba na wachungaji walipita majangili wenye bunduki za kivita, wakawamaliza faru na kuwafyeka ndovu. Kambi haikuwatofautisha kila mara mchungaji na jangili, na serikali pia mara nyingi haikuwatofautisha. Joy aliuawa katika Hifadhi ya Shaba Januari 1980. Terence alifariki 1986. Tarehe 20 Agosti 1989 watu wenye silaha walimvamia mgeni wa kambi njiani. George, akiwa na miaka 83, aliendesha gari kuelekea risasi zilikosikika, akauawa pamoja na wafanyakazi wake wawili. Alizikwa Kora karibu na ndugu yake, na Kora ikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa. Fitzjohn alikwenda Mkomazi, kaskazini mwa Tanzania, pori ambalo wafugaji walikuwa wamehamishwa kutoka humo mwaka 1988.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya miji. Kuanguka kwa dola ya Somalia mwaka 1991 kulijaza kambi za Dadaab na kuleta mashirika, na pamoja nayo mishahara ya udereva, ukalimani na ulinzi. Ukame wa 1991 na 1992, wa 2011, na misimu mitano mfululizo ya mvua zilizokosekana kuanzia mwishoni mwa 2020, ambayo iliua mifugo zaidi ya milioni mbili nchini, ilisukuma familia kwenye barabara na vituo vya maji. Katiba ya 2010 ilileta kaunti. Uchaguzi wa 2013 uliipa Balambala mbunge wake wa kwanza kama jimbo. Zikaja ofisi za wadi, zahanati na nafasi za walimu wa chekechea. Kwa mara ya kwanza mtoto wa mchungaji aliweza kupata ajira ya kudumu bila kuihama nchi yake.

Wakati huohuo wengine waliziacha kazi hizo kwa sababu isiyofanana na ya Adamson. Baada ya basi la Mandera kushambuliwa Novemba 2014 na watu 28 kuuawa, wengi wao walimu, na baada ya mauaji ya watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, walimu waliotoka mikoa mingine waligoma kurudi madarasani. Mwaka 2020, walimu walipouawa Kamuthe, tume inayowaajiri iliwahamisha wengi kutoka kaunti hizi. Watoto wa shule za Balambala na jirani zake walilipia kwa miaka ya masomo.

Ndipo tunapofika leo, na leo ni matokeo ya yote hayo. Mwenye mshahara mjini Garissa, awe mwalimu, muuguzi au askari, mara nyingi ana ngamia na mbuzi baadiye, yaani nyikani, wakichungwa na ndugu au mchungaji wa kulipwa. Familia imegawanyika: wazee na watoto wa shule karibu na mji, vijana wawili watatu na kundi. Wapo wanaostaafu na kurudi kabisa kwenye zizi, wakanywa chai ya maziwa ya ngamia na kwenda mjini kwa matibabu tu. Hakuna anayewaandikia vitabu, kwa kuwa jirani zao hawaoni ajabu yoyote. Kwangu mimi hao ndio warithi halisi wa historia hii kuliko kambi ya Kora. Wamechagua nyika wakijua bei yake, wakiwa na haki ya ukoo ndani yake na simu ya kutumiana pesa mfukoni.

Hatari inayowakabili imo katika ardhi. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 iliwapa wafugaji njia ya kusajili malisho kwa jina la jumuiya. Wakati huo mashamba ya umwagiliaji yanazidi kushika ukingo wa mto, kila moja na uzio wake, na mabwawa ya juu yamebadilisha mafuriko yaliyokuwa yakilisha majani ya bondeni. Malka zinazibwa moja baada ya nyingine, na kundi lililozoea kufika mtoni kwa njia ya mababu sasa huzungushwa mbali au huingia shambani na kuzua ugomvi. Mwajiriwa wa Balambala anayepanga kustaafu na ngamia zake anahitaji, kabla ya chochote kingine, njia hizo zipimwe, ziandikwe na zilindwe wakati wazee wanaozijua kwa majina wangali hai.